Akaunti za FTP: nani anaingia wapi kwenye tovuti yako

Nikikabidhiwa tovuti ya mtu niihudumie, sianzi na kurasa wala hifadhidata. Naanza na orodha ya akaunti za FTP, yaani majina na nywila za kuingilia seva ili kupakia, kupakua au kufuta faili za tovuti. Orodha hiyo ina ukurasa wake ndani ya paneli ya udhibiti, na mara nyingi hakuna aliyeufungua tangu tovuti ilipowekwa hewani. Nakuta akaunti iitwayo "test", chini yake "fundi", kisha "fundi2", kisha jina la mtu ambaye hakuna anayemkumbuka. Zote ziko hai na zote zinafungua folda kuu ya tovuti. Mwenye tovuti ukimuuliza, atakuambia kwa moyo mweupe kwamba nywila ni moja tu, nayo anayo yeye.

Msimamo wangu ni huu: akaunti ya FTP iwe ya mtu mmoja kwa kazi moja, na ukimfungia mtu kwenye folda fulani, umefunga mkono wake tu, faili atakayoipakia hujaifunga. Sehemu ya kwanza wengi wanaijua, ingawa hawaitekelezi. Ya pili hata mafundi wazoefu huisahau, na ndiyo nitakayoikalia zaidi.

Akaunti kuu haigawiwi

Ukinunua huduma ya upangishaji wa tovuti unapewa akaunti moja. Jina na nywila yake ndivyo vinavyofungua paneli, na kwa kawaida ndivyo hivyo hivyo vinavyoingia kwa FTP na, palipo na SSH (njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye seva na kuipa amri), kwa SSH pia. Anayevishika ameshika barua pepe, hifadhidata, rekodi za DNS (zinazoelekeza jina la tovuti kwenye seva) na nakala rudufu zote. Mtu anayekuja kubadilisha picha za ukurasa wa mbele hana haja navyo, hata kama ni ndugu yako wa damu.

Za kugawa ni zile akaunti za nyongeza. Kwenye cPanel, paneli ya udhibiti inayotumiwa na kampuni nyingi, huwa na umbo la jina@kikoa (kikoa ni jina la tovuti mtandaoni), na hapo ndipo lilipo kosa la kwanza la wageni wengi: huandika jina peke yake bila sehemu ya kikoa, seva inajibu kwa namba 530, yaani kuingia kumekataliwa, nao wanadhani nywila ndiyo mbaya. Wanaijaribu tena na tena mpaka mfumo wa ulinzi unawafungia anwani yao ya IP, kisha wanakupigia simu kusema tovuti imekufa.

Akaunti hizi za nyongeza mfumo endeshi wa seva hauzijui kabisa. Programu ya seva ya FTP, mara nyingi Pure-FTPd au ProFTPD, inatunza orodha yake yenyewe ya majina na nywila, na yeyote anayeingia kwa mojawapo humvisha utambulisho wa akaunti kuu. Maana yake ni kwamba faili zote, awe amezipakia nani, mmiliki wake kwenye seva ni yule yule mmoja. Huwezi kuangalia umiliki wa faili ukajua nani aliileta; hilo utaambiwa na kumbukumbu za seva peke yake. Na uzuri wake ni kwamba ukifuta akaunti ya mtu, faili zake hazibaki yatima.

Lakini soma vizuri kabla ya kufuta. cPanel hukupa njia mbili: kufuta akaunti peke yake, au kufuta akaunti pamoja na folda yake. Kama folda ya akaunti hiyo ni public_html, yaani folda yenye tovuti yote inayoonekana mtandaoni, hiyo njia ya pili usiikaribie hata kwa mzaha.

Wakati wa kuunda akaunti pia kuna mtego mdogo. Ukiandika jina, paneli hujaza yenyewe sanduku la folda kwa njia inayoishia na jina hilo hilo. Ukibofya tu bila kusoma, mtu wako ataingia na kukuta folda tupu, na jambo la kwanza atakalokuuliza ni nani amefuta tovuti. Futa kilichojazwa, andika folda unayoitaka wewe. Kikomo cha nafasi nacho usikiache bila mpaka kwa mtu anayeleta picha au video. Diski ikijaa, barua pepe za kikoa hicho nazo hukwama.

Folda inafunga nini, na haifungi nini

Seva ya FTP ikimfungia mtu kwenye folda, kwake yeye folda hiyo ndiyo mzizi wa kila kitu. Hawezi kupanda juu, hawezi kuona jirani. Ndiyo maana watu hulala usingizi wakiisha kuandika public_html/picha kwenye lile sanduku: huyu hatoki humo.

Kweli hatoki. Sasa mwache apakie faili ndogo ya PHP (lugha ya programu zinazoendeshwa na seva) ndani ya folda hiyo, kisha afungue kivinjari na kuandika anwani ya faili hiyo. Kuanzia hapo anayefanya kazi si seva ya FTP tena, ni seva ya wavuti, nayo haina habari na mipaka uliyoiweka. Seva nyingi za upangishaji wa pamoja huendesha PHP kwa utambulisho wa mwenye akaunti, kupitia mfumo kama PHP-FPM. Kwa hiyo ile faili ndogo inaweza kusoma chochote ambacho wewe mwenyewe unaweza kukisoma: wp-config.php (faili ya mipangilio ya WordPress, programu ya kuendeshea tovuti) pamoja na nywila ya hifadhidata iliyomo, folda za tovuti zako nyingine zilizo chini ya akaunti hiyo hiyo, hata barua pepe. Inaweza pia kuandika na kufuta. Ulidhani umempa chumba kimoja, kumbe ndani ya chumba hicho kuna mlango wa kwenda jikoni.

Utasikia ushauri wa kuweka .htaccess, faili ya maelekezo kwa seva ya wavuti, inayozima PHP kwenye folda hiyo. Lakini folda ni yake: ataifuta, au ataandika nyingine juu yake. Ukiiweka sheria kwenye folda ya juu, .htaccess ya folda ya chini inaweza kuipindua. Kizuizi kinachoshika ni kile kilichoandikwa kwenye mipangilio mikuu ya Apache, yaani seva ya wavuti yenyewe, pamoja na AllowOverride None (amri ya kupuuza .htaccess) kwa folda hiyo, na kwenye upangishaji wa pamoja mteja hafiki huko.

Njia ninazozitumia ni hizi. Kama mtu ananiletea vitu tu, tuseme picha au nyaraka, folda yake naiweka nje ya public_html. Seva ya wavuti haitoi faili kutoka huko, kwa hiyo hata akileta PHP hakuna anwani ya kuiitia. Nikishaziangalia nazihamisha mwenyewe. Ni kazi ya ziada, lakini si nyingi. Kama mtu anajenga tovuti ndogo ndani ya tovuti kubwa, yaani lazima aandike PHP, basi namtengea akaunti kamili ya upangishaji yenye mtumiaji wake wa mfumo, na kikoa kidogo naelekeza huko. Na kama ni mtu ninayemwamini kuiona tovuti nzima, nampa tovuti nzima bila kujidanganya kwa folda, ila kwa jina lake mwenyewe.

Ninaposema jina lake nina maana hiyo hasa. Akaunti iitwayo "wabunifu" inayotumiwa na watu watatu ina nywila moja inayozunguka kwenye ujumbe wa simu, na siku mmoja akiondoka hutaibadilisha kwa sababu utawasumbua wawili waliobaki. Nimeona visingizio vya kila aina kuhusu hili, na vyote huishia hapo.

FTP, FTPS, SFTP

FTP ni ya zamani kuliko wavuti yenyewe. Abhay Bhushan aliiandika mwaka 1971 kama RFC 114 (RFC ni nyaraka za viwango vya mtandao), enzi za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, na umbo tunalolitumia hadi leo liliwekwa na RFC 959 ya mwaka 1985. Wakati huo waliokuwa mtandaoni walikuwa wachache na wanajuana, kwa hiyo jina la mtumiaji na nywila husafiri wazi kama vilivyoandikwa. Yeyote aliye katikati ya njia anavisoma. Mwaka 1995 nywila nyingi zilinaswa kwa namna hiyo hiyo kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, na Tatu Ylönen, mtafiti wa chuoni hapo, akaandika SSH. SFTP ni mtoto wa SSH. Hupita poti 22, husimba kila kitu, na mbali na kufanana jina haina undugu na FTP.

FTPS ni FTP ile ile iliyovishwa TLS, usimbaji ule ule wa tovuti za https, kama ilivyoelezwa kwenye RFC 4217 ya mwaka 2005. Hutumia poti 21 ikianza wazi kisha ikaomba usimbaji, au 990 iliyosimbwa tangu mwanzo. Vivinjari vyenyewe vimeshaachana na FTP. Mwaka 2021 Firefox na Chrome ziliiondoa kabisa.

Kwenye FileZilla, programu ya kuhamishia faili kwa FTP, usimbaji kwa hali ya kawaida umewekwa "ukipatikana". Maana yake usipopatikana programu itaendelea bila huo. Badilisha uwe wa lazima. Hapo huenda ukakutana na onyo kwamba cheti hakilingani na jina, kwa sababu umeandika ftp mbele ya kikoa chako ilhali cheti ni cha seva ya kampuni ya upangishaji. Usizoee kubofya "kubali". Waulize jina halisi la seva, andika hilo, na onyo litatoweka. Kama kikoa chako kinapita Cloudflare (kampuni inayosimama kati ya wageni na seva yako), ndiyo kabisa: wakala wake wa kawaida hupitisha trafiki ya wavuti, haipitishi FTP, kwa hiyo lazima utumie jina la seva au anwani yake ya IP.

Jambo moja linalowachanganya wateja wa cPanel: zile akaunti za jina@kikoa hazifanyi kazi kwa SFTP. Kwa kuwa mfumo endeshi hauzijui, SSH nayo haizijui. SFTP huko ni ya akaunti kuu peke yake. Kwa hiyo kwa watu wa nje unabaki na FTPS, na hakuna ubaya ikiwa umeilazimisha.

Tatizo la "naingia lakini orodha ya faili haitokei" nalipitia haraka. FTP hutumia miunganisho miwili, mmoja wa amri na mwingine wa data. Ule wa amri umefaulu, wa data umekwama kwenye faiawoli. Kwa mteja, dawa ni hali tulivu (passive mode), ambapo mteja ndiye anayefungua muunganisho wa data, na ambayo karibu programu zote za sasa huitumia bila kuambiwa. Kwa mwenye seva yake mwenyewe, fungua kundi la poti za hali tulivu kwenye faiawoli na uliandike pia kwenye mipangilio ya seva ya FTP. cPanel na Pure-FTPd hutumia 49152 hadi 65534. Seva ikiwa nyuma ya NAT, yaani ina anwani ya ndani iliyofichwa nyuma ya anwani ya nje, iambie itangaze anwani yake ya nje, la sivyo itampa mteja anwani ya ndani asiyoweza kuifikia. Namba 421 nayo kwa kawaida ni miunganisho mingi mno kwa wakati mmoja: punguza idadi ya faili zinazopakiwa sambamba.

Ukiwa na seva yako

Hapa siwashi FTP kabisa. OpenSSH inatosha. Naunda kundi la watumiaji wa faili tu, na kwenye sshd_config, faili ya mipangilio ya SSH, naandika sehemu ya Match Group yenye ChrootDirectory (humfungia mtu kwenye folda) na ForceCommand internal-sftp (humruhusu kuhamisha faili tu), kisha nazima upitishaji wa poti. Watumiaji hao hawapati ganda la amri.

Kinachowashinda watu ni umiliki. Folda ya ChrootDirectory, pamoja na kila folda iliyo juu yake, lazima iwe mali ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) na isiandikike na mwingine yeyote. Ukimpa mtumiaji umiliki wa folda yake ya nyumbani, kama mkono ulivyozoea, SSH itamkata mara tu nywila ikikubaliwa. Yeye ataona muunganisho umevunjika bila maelezo. Wewe utaona sababu kwenye kumbukumbu za seva, inayolalamikia umiliki au ruhusa mbaya. Suluhisho ni kuiacha folda ya nje kwa root, ruhusa 755 (mmiliki huandika, wengine husoma tu), na kumtengenezea ndani yake folda nyingine iliyo yake.

Badala ya nywila, funguo. Kila mtu analeta ufunguo wake wa umma, mstari mmoja kwenye authorized_keys, na mwishoni mwa mstari naandika jina lake na mashine anayoitumia. Faili hiyo naiweka mahali ambapo mtumiaji mwenyewe hawezi kuandika, vinginevyo atajiongezea marafiki. Kumwondoa mtu ni kufuta mstari.

Ruhusa za faili hazihitaji maneno mengi: folda 755, faili 644, wp-config.php 600 au 640. Anayekuambia uweke 777 (kila mtu aandike) ili "ifanye kazi" hajajua tatizo ni nini, na wewe utabaki hujui.

Nywila huvujia kwenye kompyuta ya mtu

Mwaka 2009 kulikuwa na programu hasidi iliyoitwa Gumblar. Iliambukiza kompyuta za watu, ikachukua nywila za FTP kutoka humo, kisha ikaingia kwenye tovuti zao kwa mlango halali na kupandikiza msimbo uliowaambukiza wageni. Seva hazikuvunjwa. Nywila zilikuwa sahihi.

Njia hiyo haijazeeka. FileZilla huhifadhi tovuti ulizozisajili kwenye faili iitwayo sitemanager.xml, na nywila zilizomo zimeandikwa kwa base64, ambayo yeyote huifungua kwa amri moja. Programu ina uwezo wa kuzifunga kwa nywila kuu, ila haiuwashi mpaka uende kwenye mipangilio na kuuwasha mwenyewe. Kila ninayemfungulia akaunti namwomba afanye hivyo, au asihifadhi nywila kabisa.

Tovuti ikishavamiwa kwa njia hii, mpangilio wa kazi una maana. Safisha kompyuta kwanza, ndipo ubadilishe nywila. Ukibadilisha ukiwa umekaa kwenye mashine ile ile iliyoambukizwa, umewapelekea mpya.

Mtu akiondoka

Kumaliza kazi na kuondoka ni jambo la kawaida, halina ugomvi. Ndiyo maana linasahaulika.

Mimi sifuti akaunti siku hiyo hiyo. Nabadilisha nywila, kisha naenda kwenye ukurasa wa miunganisho ya FTP na kukata kikao chochote kilicho wazi, maana aliyekwisha ingia hatolewi kwa kubadilishiwa nywila. Halafu nasubiri majuma mawili hivi. Akaunti za FTP zina tabia ya kutumiwa na vitu ambavyo hakuna aliyeviandika popote: hati inayopeleka nakala rudufu usiku, programu ya dukani inayopakia orodha ya bei, programu-jalizi ya WordPress iliyopewa nywila hiyo ili ijisasishe. Kikikatika kitu, mtu atalalamika na utakijua. Kikiwa kimya, futa.

Na kwa sababu ya lile nililolieleza juu, kufuta akaunti hakumtoi mtu aliyeacha kitu nyuma. Angalia faili za PHP zilizobadilishwa katika kipindi chake, hasa kwenye folda za picha ambako PHP haina kazi. Angalia kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba), funguo za SSH, watumiaji wasimamizi ndani ya WordPress na akaunti za hifadhidata. Ikiwa aliwahi kuiona wp-config.php, na kama alifungua folda kuu basi aliiona, badilisha nywila ya hifadhidata na zile chumvi za usalama (maandishi ya siri yanayolinda vikao vya kuingia) zilizomo humo.

Baada ya hapo zinabaki kumbukumbu za uhamishaji. Seva nyingi huziandika kwa mtindo wa xferlog, mstari mmoja kwa kila faili: saa, anwani iliyotoka, ukubwa, njia ya faili, kisha herufi zinazoonekana kama takataka. Mojawapo ndiyo ya kuitafuta: i ni faili iliyoingia, o iliyotoka, d iliyofutwa. Karibu na mwisho kuna jina la akaunti. Chuja mistari yenye i na .php, panga kwa akaunti, na soma anwani za IP. Akaunti ya mtu aliyeondoka isiwe na mstari hata mmoja baada ya siku aliyoondoka. Kampuni nyingi za upangishaji huzifuta kumbukumbu hizi baada ya muda, kwa hiyo zipakue kila mwezi kabla hazijapotea, na uzihifadhi nje ya seva hiyo.